Kuona Mauzauza Sio Lazima Uwe Kichaa

(Haya niliongea mwaloni Kibirizi, Kigoma, mwezi wa kumi wakati wa siku ya afya ya akili. Watu walirekodi kwa simu ila upepo wa ziwani ukala nusu ya sauti, wakaniomba niandike. Nimeandika kama nilivyoongea, ila maswali ya mwisho nimechagua machache.)

Wazee wangu shikamooni. Mama zangu wa dagaa poleni na jua, najua jicho moja liko kwangu jingine liko kwenye vichanja, na lile wingu linalotokea upande wa Kongo hata mimi silipendi, kwahiyo likianza kudondosha kila mtu akimbilie dagaa wake tutaendelea baadae. Wavuvi nyie nawajua, mmekuja kwasababu ni mbalamwezi, ingekuwa giza nisingemuona hata mmoja.

Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, na watu wakisikia hivyo wanajua nimekuja kuongelea wale wanaookota makopo sokoni. Na wao nitawafikia. Ila naanza na nyie mliokaa hapo mnacheka.

Haya, nani hapa simu imeshawahi kumtetemekea mfukoni, kaitoa haraka haraka, hamna meseji, hamna aliyepiga, na wengine hata simu yenyewe umeiacha nyumbani inachaji? Nyoosheni mikono tuone. Si mnaona, karibu wote, mpaka mzee yule pale nyuma mwenye kiswaswadu. Kuna hospitali moja Marekani waliwauliza madaktari na wafanyakazi wao swali hilo hilo, majibu yakatoka mwaka 2010, watu 68 kwa kila 100 wakasema imewatokea, na hao ndo watu wanaotupima sisi akili. Sasa kile ulichokihisi pajani, kitu ambacho hakipo lakini mwili umekipokea kama kipo, ndo mauzauza yenyewe. Madogo, hayana shida, hayahitaji dawa. Lakini ndo yenyewe.

Kuna utafiti mkubwa wa Shirika la Afya Duniani na wenzao, waliuliza watu wazima 31,261 kwenye nchi 18, ukatoka 2015. Swali lilikuwa hivi, nje ya ndoto na nje ya ulevi umewahi kuona kitu ambacho wenzio hawakioni au kusikia sauti ambayo wenzio hawaisikii? Kama watu 5 kwa 100 wakasema ndio. Na waliopitia mambo ya namna hii, theluthi yao ilikuwa mara moja tu maisha yao yote, ikapita, wakaendelea kulima na kuuza na kuzaa. Sasa skizofrenia, ule ugonjwa ambao mtaani ndo tunauita kichaa moja kwa moja, duniani unampata kama mtu mmoja kati ya 300. Piga hesabu mwenyewe hapo. Ukikusanya watu 300 utakuta kama 15 walishaona au kusikia mauzauza, na mwenye skizofrenia ni mmoja. Hao 14 wengine wako wapi? Wako humu, wamekaa kimya, kwasababu wanajua wakisema ni mawili, ama utaambiwa umerogwa ama utaambiwa uende Mirembe, hospitali ya vichaa kule Dodoma.

Tuje kwenye jinamizi, maana hili ndo linaleta ugomvi huku kwetu.

Umelala chali. Saa nane, saa tisa ya usiku. Unaamka, macho yako wazi kabisa, unaiona neti, unaliona bati, unaona ile taa nyekundu ya chaja, unamsikia mwenzio anakoroma pembeni. Unataka kumwita, mdomo hautii. Unataka kusogeza hata kidole, wapi. Afu kifuani kuna uzito kama mtu kakukalia, pumzi haiingii, na pale mlangoni kuna kivuli kimesimama au kinakuja taratibu, wengine wanasikia mpaka nyayo. Unasoma unachokijua, aya au baba yetu, ghafla pap, umeachiwa, jasho limekutoka kama umetoka kulima. Asubuhi unasema nimekabwa.

Sikiliza kinachotokea. Kuna usingizi ambao ndo tunauotea ndoto, na tukiwa kwenye huo usingizi ubongo unafunga misuli karibu mwili mzima, vinabaki macho na msuli ule wa chini ya mapafu unaovuta pumzi. Unafunga makusudi, la sivyo ukiota unapigana si ungempiga ngumi mama watoto. Sasa kuna siku akili inaamka kabla misuli haijafunguliwa. Uko macho lakini umefungwa, na ndoto bado inaendelea, inaendelea mle mle chumbani kwako juu ya neti yako na mlango wako. Uzito wa kifuani unatokana na hayo hayo, unataka kuvuta pumzi kubwa wakati misuli ya mbavu haijaachiwa. Karibu watu 8 kwa 100 limewapata angalau mara moja. Linampenda anayelala chali, asiyelala vya kutosha, anayelala saa zisizoeleweka, yani mlinzi, muuguzi wa zamu kama mimi, na nyie wavuvi namba moja.

Ujiji mnapenda kuniambia haya mambo ya wazungu. Sawa. Kulikuwa na tabibu wa Bukhara anaitwa al-Akhawayni, Mwislamu, amefariki mwaka 983, aliandika kuhusu jinamizi, akasema ni mvuke unapanda kutoka tumboni kwenda kwenye ubongo. Sababu kaikosa, lakini miaka elfu na zaidi iliyopita mtu yule aliitafuta mwilini mwa mgonjwa, hakumtafuta jirani.

Sisi tunamtafuta jirani. Ndo ugomvi wangu ulipo. Mnakumbuka popobawa, yule jini aliyesemwa anavamia watu usiku, kule Pemba na Unguja mwaka 1995, watu walikuwa wanalala nje makundi makundi, na waliomchunguza vizuri wanasema mwingi wa ule usumbufu wa usiku unafanana kabisa na jinamizi hili ninalolisema. Unguja umati ulimuua kijana mmoja wakidhani ndiye popobawa. Alikuwa mgonjwa wa akili katoka bara. Yani hofu ya watu wazima ikaenda kumuua mgonjwa.

Huku kwetu tuna kamchape, wale wanaojiita watoa uchawi. Wanakuja kijijini, wanachangiwa hela, wanapita nyumba kwa nyumba wanatoa vibuyu kwenye mapaa. Na wanapelekwa kwa nani? Kwa yule uliyemuona usiku. Ile sura ya kivuli mlangoni, gizani, umefungwa, unaogopa, ubongo wako umeipa sura ya mtu unayemuogopa tangu mchana, bibi fulani uliyegombana nae mpaka wa shamba. Ukisema nilimuona kwa macho yangu haya mawili hudanganyi, ulimuona kweli. Ila bibi alikuwa kwake kalala. Watu wanatozwa ng'ombe, wanachomewa nyumba, wengine wanakufa, kwa ushahidi wa ndoto ya mtu mwingine. Mimi na sheikh sina neno, na mchungaji sina neno, kamchape ndo siwezi kukaa nao meza moja.

Wavuvi sasa. Kipindi cha giza mnatoka kila usiku, mchana mnauza, mnashona nyavu, mnalala masaa mawili juani, jioni mnarudi ziwani. Kijana mmoja alinihadithia, na ni mzima wa akili kabisa nawaambia, alikuwa kakaa kwenye usukani taa zinawaka wanasubiri dagaa wakusanyike, akaona mbele kuna nyumba juu ya maji, ya bati, ina dirisha na taa ndani. Akawa anajiuliza nani kajenga hapa. Hakushtuka hata, ndo kilichomshangaza baadae, kwamba aliona ni kitu cha kawaida tu, akaanza kugeuza mtumbwi asije akaigonga. Mwenzie akamuuliza unageuza wapi wewe, na kufumba na kufumbua nyumba hamna.

Nikamwambia usijali una wenzio wakubwa. Mwaka 1895 nahodha mmoja Joshua Slocum alikuwa peke yake baharini anazunguka dunia na chombo chake, tumbo likamsokota baada ya kula jibini na matunda, akalala chini hajiwezi na dhoruba imechachamaa, kuchungulia juu akaona jamaa mrefu kashika usukani, akamwambia mimi ni rubani wa meli ya Kolombasi, yule baharia wa kale, wewe lala nakuendeshea. Shackleton nae, yule mvumbuzi wa kwenye barafu, mwaka 1916 walivuka milima ya kisiwa cha Georgia Kusini watu watatu kwa kama masaa 36 bila kulala usingizi wa maana, baadae wote watatu wakakiri kila mmoja alikuwa anahisi wako wanne. Na Kanada miaka ya 1950 chuo cha McGill waliwalipa wanafunzi dola 20 kwa siku walale tu kitandani, macho yamefunikwa yasione umbo lolote, mikono imefunikwa, sauti hamna ya maana. Kazi rahisi eeh? Wengi hawakumaliza, na wengi walianza kuona vitu, vidoti kwanza, mistari, afu wanyama na watu wanatembea. Ubongo haupendi kukaa bure. Giza tupu, maji yametulia, mlio mmoja wa injini, deni la usingizi wa siku nne, utaona tu. Ninachowaomba ni kimoja, kabla hujageuza usukani kwa ajili ya kitu ulichokiona usiku muulize mwenzio kama nae anakiona, na asiyelala kabisa asikae kwenye usukani. Mtu hafi kwa kuona nyumba ya bati, anakufa kwa kuikwepa.

Wafiwa nitawagusa kidogo tu. Daktari mmoja wa Wales, Dewi Rees, alienda kuwauliza wajane na wagane 293, ikatoka 1971, karibu nusu walisema wamewahi kumhisi marehemu yuko nao, wengine walimuona, wengine walisikia sauti yake. Wengi walikuwa hawajamwambia mtu yeyote, na wengi walisema iliwafariji. Kwahiyo mama ukisikia kikohozi cha marehemu baba huko uani jioni, saa zile zile alizokuwa anarudi, hujachanganyikiwa na wala hajakuja kukudai. Umeishi nae miaka mingi, masikio hayajakubali bado.

Sasa naomba mnisikilize hapa.

Kuna bibi mmoja, kijiji sikitaji. Wajukuu walikuja kituoni wanasema bibi usiku anaongea na watu, anahesabu watoto darini, anasogea kwenye mkeka kama anampisha mtu. Kijijini maneno yalishaanza. Nikaenda. Bibi macho yote mawili yana ule weupe, mtoto wa jicho umekomaa, anaona mwanga na vivuli basi. Nikamuuliza bibi hao wageni wako wanaongea? Akasema hawasemi. Wamevaaje? Wamevaa vizuri, vitenge vya rangi rangi, watoto wadogo wadogo, mwingine mfupi hivi anafika gotini. Unawaogopa? Akasema siwaogopi, nikinyoosha mkono sigusi kitu, najua hawapo, ila wanajaa chumba nashindwa kujua mlango uko wapi. Nikamuuliza kwanini hukuwaambia wanao. Akanishika mkono akasema, mwanangu, hapa kijijini mwanamke mzee akisema anaona watu wasioonekana, unajua kinachofuata.

Mwanamke yule hakuwa mchawi na hakuwa mgonjwa wa akili. Alikuwa mgonjwa wa macho. Hali yake ina jina tangu zamani, inaitwa kwa jina la Charles Bonnet, Mswisi, ambaye mwaka 1760 aliandika habari za babu yake Charles Lullin, mzee anakaribia miaka 90, macho yamekufa kwa mtoto wa jicho, akili nzima kabisa, akawa anaona wanaume kwa wanawake waliopendeza, ndege, magari ya farasi, majengo yanakua na kupungua, vyote kimya hamna sauti, na mzee anajua fika havipo, anakaa kwenye kiti anaangalia. Bibi wa Kigoma na babu wa Geneva, miaka zaidi ya 250 katikati, wanaona kitu kile kile.

Na inakuwaje. Simu yako ukiandika "habari za" yenyewe inakumalizia "asubuhi" kabla hujabonyeza, si ndio, na muda mwingi inapatia, siku nyingine inakuandikia upuuzi. Ubongo unafanya hivyo hivyo na macho na masikio siku nzima, unakisia kwanza, afu macho yanaleta taarifa yanasahihisha. Macho yakifa taarifa haziji, na ile sehemu ya ubongo ya kuonea iko nzima haina kazi, inaanza kujimalizia yenyewe. Inatoa nyuso, nguo, watoto. Bibi alivyotolewa mtoto wa jicho kwa operesheni wageni wakaanza kupungua. Kwa ambae macho hayatibiki unawasha taa chumbani, unamwambia apepese macho au ayazungushe upande huu na huu, na zaidi ya yote unamwambia mbele ya ukoo mzima kwamba haya ni macho. Mbele ya ukoo, sio pembeni. Mnajua kanda yetu hii ya magharibi na kanda ya ziwa wazee wameuawa kwa kuwa na macho mekundu tu, macho ya mtu aliyepuliza kuni miaka sitini.

Kuna kitu kingine watafiti wamekigundua kinafurahisha. Tunasema fulani anajitekenya na kucheka mwenyewe, tunamsema mjinga, maana ukweli mtu hawezi kujitekenya. Jaribu. Hucheki, kwasababu mkono unapotoka ubongo umeshapeleka taarifa mbele kwamba ni mimi huyu. Mwaka 2000 Uingereza, Sarah-Jayne Blakemore na wenzie waliwapima watu wanaosikia sauti, wakakuta kwao mguso wa mkono wao wenyewe na mguso wa mtu mwingine hautofautiani sana. Ile alama ya "ni mimi huyu" inapungua. Sasa fikiria hilo kwenye mawazo. Sisi wote tunajisemesha kichwani, nikitoka hapa nipitie sokoni, yule mama ananidai. Alama ikipotea, yale maneno yanakuja kama ya mtu mwingine. Mtu hatungi, anasikia kweli. Ndo maana kumwambia acha ujinga hamna sauti hapo, haisaidii kitu.

Na chuo cha Yale, 2017, waliwazoesha watu mlio hafifu unakuja pamoja na picha, picha mlio picha mlio, baadae wakaonyesha picha bila mlio, na watu wakasema wameusikia. Hata wazima. Wanaosikia sauti siku zote, wawe wagonjwa au wasiwe, waliusikia mara nyingi zaidi. Tofauti ya wagonjwa ilikuwa wanashindwa kubadili walichokwisha kuamini hata mlio ulipokuwa haupo tena kwa muda mrefu. Mimi ndo naona hapo pa kuangalia. Bibi alinyoosha mkono akakuta hewa akasema najua hawapo. Mgonjwa ananyoosha mkono anakuta hewa, anasema wamekwepa.

Maana msije mkatoka hapa mkasema muuguzi kasema mauzauza hayana shida. Uholanzi, Utrecht, mwaka 2011 waliwalinganisha wanaosikia sauti na ni wazima na wanaosikia sauti na ni wagonjwa. Ukubwa wa sauti, inatokea wapi, karibu sawa. Kwa wazima ilianza utotoni, wastani miaka 12 hivi, kwa wagonjwa kwenye 21. Kubwa lakini ni inasema nini. Ya mzima inakuja mara chache, anaweza kuinyamazisha, haimtukani sana. Ya mgonjwa inamtukana, inamwamuru, haimuachi alale. Hata hapo nchi na nchi zinatofautiana, kuna mama mtafiti Tanya Luhrmann aliongea na wagonjwa 20 California, 20 Accra, 20 Chennai, wa Marekani sauti zao zilikuwa za vita na kuua, wa Accra wengi walisema wanamsikia Mungu akiwatuliza, wa Chennai wanasikia ndugu zao wanawaambia waoge na wafanye kazi za nyumbani. Ugonjwa mmoja, ila sauti zinaongea lugha ya ulikolelewa.

Sasa yapo mauzauza ya kukimbia nayo hospitali siku hiyo hiyo, na hapa sina utani. Mtoto ana homa anaongea maneno hayaeleweki, anaona vitu, au amekakamaa, mnasema degedege, mnasema apelekwe kwa bibi akafukizwe. Hiyo inaweza kuwa malaria imepanda kichwani na inaua kwa masaa, sindano yake ya atesuneti ipo, mfukize akisharudi. Mzee aliyekuwa mzima jana leo anaona wadudu ukutani na hajui yuko wapi, huyo huenda ana homa ndani, au mkojo umeingia bakteria, au ameishiwa maji, sio uzee. Mzee anaetetemeka mkono na kutembea kwa kuburuta, akaanza kuona watu, huo ugonjwa wa pakinsoni nao unaleta, na dawa zake pia zinaleta. Mama aliyejifungua ndani ya wiki hizi mbili halali, anasema mtoto kabadilishwa au anasikia anaambiwa amfanye mtoto kitu, inatokea kwa mmoja au wawili kati ya wazazi 1,000, usimuache peke yake na mtoto hata dakika ya kwenda kuchota maji.

Na gongo. Mtu kazoea gongo kila siku miaka kumi, kashikwa, yuko mahabusu, siku ya pili ya tatu anaanza kuokota wadudu kwenye shati, anatetemeka, jasho, anaongea na watu ukutani. Wenzie wanacheka wanasema anaigiza ili atolewe. Haigizi, mwili umekosa pombe ghafla, na hiyo inaweza kumuua. Bangi nayo, vijana nawaona mnaangalia chini, ukianza mdogo na ukavuta kila siku unajiongezea uwezekano wa kuugua, na kama kwenye ukoo kuna aliyeugua wewe ndo kabisa kaa nayo mbali. Kifafa kuna aina haina kuanguka, mtu anasikia harufu ya kitu kinaungua sekunde chache, anaduwaa, anatafuna tafuna mdomo, inaisha. Hiyo nayo ina dawa.

Maswali.

Mzee mmoja wa Ujiji aliuliza, kwahiyo unatuambia majini hayapo? Nikamwambia mzee wangu sijafika huko na sina kipimo cha jini. Asomewe Kurani, aombewe, hamna dawa ya hospitali inayogombana na dua. Ila asipigwe, asifungwe mnyororo, asinyimwe chakula kwamba ni mfungo wa kutoa pepo, na dawa isisimamishwe. Mashekhe wawili hapa mjini wanasoma afu wao wenyewe wananiletea mgonjwa kliniki kwa bodaboda, na wale ndo nawaheshimu kuliko madaktari wengine.

Kijana akauliza mbona kaka yake alivyoanza dawa shingo ilijipinda na macho yakapanda juu, nyumbani wakasema ndo pepo limekataa dawa. Hapana. Ni dawa yenyewe, hasa haloperidoli, kwa watu wengine na hasa vijana wa kiume inakaza misuli siku za mwanzo. Inatisha kuangalia. Mrudisheni haraka, kuna dawa ya kuilegeza na inafanya kazi upesi, afu wanampunguzia dozi au kumbadilishia. Kosa letu wauguzi ni kwamba mara nyingi hatuwaambii mapema, mnajionea wenyewe nyumbani usiku.

Wa mwisho alikuwa mama, alisubiri watu wapungue. Mwanae ana miaka 20, amejifungia, anasema majirani wanamsema kupitia redio hata ikiwa imezimwa. Anauliza amjibu nini, akikubali anamdanganya, akikataa anakasirika. Nikamwambia mama usikubali na usibishe. Mwambie mwanangu mimi siisikii hiyo redio, lakini naona wewe inakutesa, inakuambiaje? Afu nyamaza umsikilize, utashangaa ni muda gani hajaulizwa hilo swali. Akikwambia inamuamuru ajidhuru au amdhuru mtu, hiyo siku hiyo hiyo, panga na sumu ya panya toeni ndani, mtu akae nae, aletwe Maweni, hospitali yetu ya mkoa, au kituo chochote cha karibu, msisubiri Jumatatu. Kama haiamrishi kitu bado mlete wiki hii, mapema ni bora zaidi kuliko mwakani. Akianza dawa akapata nafuu atakwambia nimepona naacha, wengi wanafanya hivyo, asiache ghafla, mje wote wawili tuongee na daktari. Na kadi ya kliniki kaa nayo wewe.